Diski ya Maporomoko

Subilaga Mwaipopo alikuwa na mikono miepesi kuliko fundi yeyote aliyewahi kuajiriwa Kituo cha Kumbukumbu cha Tukuyu, na kwa miaka sita hakuna aliyeona kwamba hilo lingeweza kuwa tatizo. Wenzake walimtania kwamba angeweza kumnyonyoa kuku manyoya yote na kuku mwenyewe asijue mpaka ahisi baridi.

Jumatatu ile mawingu yalikuwa yamelala juu ya Rungwe tangu alfajiri. Paneli za jua hazikuwa zimevuna kitu, betri ya kituo ilikuwa imebaki robo, na kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa saba wakipuliza viganja vyao kwa baridi. Wa kwanza kwenye kiti alikuwa mzee Ambakisye Mwakatundu, aliyewahi kuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na koti la sufu alilolifunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Shikamoo, baba. Nionyeshe."

"Marahaba." Mzee akanyoosha viganja. Juu yake zilikuwa diski mbili nyeusi, laini, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi. Moja iliandikwa KIWANJA, nyingine MAPOROMOKO, kwa mwandiko wake mwenyewe wa zamani, kabla ugonjwa haujampiga. "Ni zangu," akasema, kama sheria inavyotaka.

Sheria hiyo ilitungwa baada ya ile miaka ambayo kumbukumbu za watu zilikuwa zikipita hewani, zikaibwa, zikauzwa, na mtu akawa anaamka asubuhi anamlilia mke wa mtu mwingine. Tangu hapo kumbukumbu ya mgonjwa haikuruhusiwa kukaa mahali ambapo mwenyewe hawezi kuishika kwa mkono, wala kusomwa na mashine inayoweza kuzungumza na mashine nyingine. Ndiyo maana vituo vyote nchini vilikwenda kufukua kompyuta za enzi za mababu kwenye maghala na stoo za misheni, masanduku mazito yaliyokuwa meupe zamani, yasiyojua mtandao ni mnyama gani. Ya Tukuyu waliiita Bibi. Kila asubuhi Subilaga aliifuta vumbi kwa kanga kuukuu, akaiwasha, na ilipoitikia kwa mlio wake mmoja mfupi alisema, "Asante, Bibi." Alisema kwa dhati. Mashine iliyokwisha kutupwa mara mbili na bado inafanya kazi inastahili asante.

Ila Bibi hakuwa na waya wa mlango. Kompyuta zilizokuja baada yake zilikuwa na waya mwembamba uliotoka kwenye mlango wa diski. Mlango ukifunguliwa, waya unatoa taarifa ndani kwamba hii huenda si diski ya mwanzo, isome upya. Bibi alizaliwa kabla ya waya huo, kwa hiyo alikuwa anakisia. Zikipita sekunde mbili tangu alipoigusa diski mara ya mwisho, alishuku kwamba pengine imebadilishwa, akaanza kusoma tena kutoka ukurasa wa kwanza. Kama hazijapita sekunde mbili, alijiambia kwamba hakuna mkono wa binadamu wenye kasi hiyo, diski ni ileile, akaendelea na faharasa aliyokwisha kuiweka kichwani. Waliomtengeneza walijaribu kwa mikono yao wenyewe, wakaridhika.

Kituoni kulikuwa na desturi kwa ajili hiyo. Fundi akitoa diski moja, kabla hajaingiza ya pili humsalimia mgonjwa upya, salamu kamili: mugonile, za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Hakuna salamu ya Tukuyu inayokwisha kwa sekunde mbili. Wagonjwa walidhani ni adabu, na ilikuwa adabu pia.

Subilaga alimvika mzee kofia ya waya, akaisoma Kiwanja mpaka mwisho, kisha akaona taa ya betri imegeuka nyekundu. Benchi la nje likamjia akilini, watu saba na baridi yao. Akakisukuma kitasa, akaitoa Kiwanja kwa mkono wa kushoto, akaiingiza Maporomoko kwa wa kulia, akafunga kitasa. Taa ndogo ya kijani ilikuwa haijazimika. Akajisikia vizuri, tena vizuri sana, kama mtu aliyedaka kikombe kabla hakijafika sakafuni.

Ijulikane kwamba diski haikubeba kumbukumbu yenyewe. Ugonjwa wa mzee Ambakisye haukufuta siku zake, ulikula njia za kuzifikia, na diski ndiyo iliyobeba njia. Mbele ya njia zote ilikaa faharasa: nani, wapi, lini. Hiyo ya *nani* ndiyo moyo hushika kwanza.

Mzee alipofumbua macho, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Gwakisa," akasema. "Mdogo wangu Gwakisa. Alinifukua kwenye udongo kwa mikono yake, mimi nikamnyima salamu miaka ishirini na miwili." Akaishika mikono yote miwili ya Subilaga, miepesi kama ilivyokuwa, akaibana kwa nguvu. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Fundi haruhusiwi kumuuliza mgonjwa ameona nini. Kwa hiyo Subilaga hakuuliza. Alipokea shukrani yake, akaiona nzuri, akamwita wa pili.

*

Alhamisi kabla ya saa nne alikuja mwanamke asiyekuwa kwenye orodha. Alikuwa na miaka kama sitini na nane, mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani, miguu imejaa matope ya njia ndefu. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Anyosisye, natokea kule chini kwenye mashamba ya chai. Sikuja kutibiwa. Nina swali moja, ukinijibu naondoka."

"Kaa kwanza."

"Nitauliza nimesimama. Huyu Ambakisye Mwakatundu. Humo kwenye mashine yenu, mimi bado nimo?"

Subilaga akaeleza kwa upole kwamba mambo ya mgonjwa hayasemwi kwa mtu mwingine. Mama Anyosisye akatikisa kichwa, kama aliyelitegemea jibu hilo njia nzima.

"Basi usiniambie yake. Mimi nikwambie yangu." Akautoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge. Ulikuwa na vidole vitatu. "Miaka thelathini na moja iliyopita mlima uliporomoka kwenye barabara ya kiwanda. Mimi nilikuwa nachuma chai upande wa juu. Niliona gari limefunikwa, na mkono wa mtu unachezacheza nje ya udongo. Wenzangu walikimbia, na walifanya vizuri kukimbia, maana mlima ulikuwa bado unatembea. Mimi nilishuka na jembe. Jembe lilipovunjika nikaendelea na mikono hii. Jiwe likanikuta."

Akaurudisha mkono ndani ya kitenge.

"Tangu mwaka ule, siku hiyo ikifika, anakuja kwangu na mkungu wa ndizi mzuzu. Anakaa, anakunywa chai, ananiambia ndaga, anaondoka. Hata alipoanza kuumwa, mkwewe alikuwa anamleta, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akimkumbusha mkwewe. Jana ilikuwa siku yetu. Nimemwona anakuja, mkwewe na mkungu kichwani. Nikasimama. Akanisalimia vizuri, vile mtu anavyomsalimia mpita njia, akapita. Nilimfuata kwa macho mpaka akaingia kwa Gwakisa."

"Mama..."

"Ndizi ninazo. Migomba imefika mpaka dirishani. Lakini mimi sikuolewa, mwanangu, na sikuzaa. Kuna siku moja kwa mwaka mtu anakuja kuniambia kwamba bila mimi asingekuwepo. Hiyo siku ndiyo nimekuja kuiulizia."

Subilaga alimpa chai, akamwomba arudi kesho saa tatu, na alipobaki peke yake akaenda kwenye kabati lenye makaratasi ambayo Bibi huyachapa kila kazi inapokwisha. Hakuna aliyekuwa akiyasoma. Akaipata karatasi ya Jumatatu. *Diski imesomwa. Faharasa imehifadhiwa.* Na chini yake, pale ambapo palipaswa kuandikwa kwamba diski mpya imeingia: *Diski ileile. Inaendelea.* Kisha mstari wa mwisho: *Faharasa imeandikwa.*

Akausoma mstari huo mara mbili. Bibi alikuwa ameichukua faharasa ya Kiwanja, siku ya ugomvi wa ndugu wawili, akaiandika juu ya diski ya Maporomoko, kama anavyoandika upya faharasa kila amalizapo kusoma. Siku ilibaki ya maporomoko, udongo uleule, jembe lilelile, pumzi ileile ya kwanza. Lakini pale kwenye *nani* palikuwa pamekaa Gwakisa.

Hakulaumu mashine. Mashine ilikuwa imesema wazi tangu zamani kile isichoweza kujua, na watu wakaijengea desturi nzuri ya kuisaidia. Aliyevunja desturi alikuwa yeye, tena kwa kujisikia.

Kitu kimoja kilimrudishia pumzi. Kila diski ya kituo ilikuwa na faharasa mbili. Ya pili ilikuwa ya akiba, na Bibi aliiandika upya ifanane na ya kwanza mwanzoni mwa usomaji uliofuata tu, ambao kwa mzee ulipangwa Ijumaa. Hadi Ijumaa asubuhi jina la Anyosisye lilikuwa bado limo ndani ya bahasha ile ya karatasi, mfukoni mwa koti la sufu. Kiti kingewashwa kabla ya kulitoa, lingepotea moja kwa moja.

*

Angeweza kuirudisha kesho kimyakimya. Mzee angeamka kitini na jina sahihi, Gwakisa angeshangaa siku mbili tatu, na mikono ya Subilaga ingeendelea kusifiwa. Wazo hilo lilitembea naye mpaka mlangoni kwa Gwakisa, alikokwenda mchana huohuo, maana hakutaka kumnyang'anya mtu kitu bila kumwona usoni.

Gwakisa alikuwa seremala, mfupi, mwenye miaka sabini, na alikuwa anapiga randa ubao kibarazani. Mkungu wa mzuzu ulining'inia juu ya kichwa chake. Hakuwa amekata hata ndizi moja.

Alimsikiliza fundi mpaka mwisho. Kisha akalaza randa ubavu.

"Nilijua," akasema. "Tangu Jumatatu. Siku ya maporomoko mimi nilikuwa Mbeya, nimekaa naangalia mpira. Habari nimezikuta kesho yake."

"Hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Jumatatu alikuja analia, akanipigia magoti, kaka yangu mkubwa, magoti kwenye matope. Nikasema nitamwambia kesho. Akalala, akasahau kwamba alikuja. Jumanne asubuhi akaja tena, akalia tena. Jana vilevile, na ndizi. Leo saa moja alikuwa hapa." Akacheka kidogo. "Nimesamehewa mara nne, fundi. Kuna watu hawasamehewi hata mara moja. Na kosa lilikuwa langu. Yale mawe ya mpaka wa baba niliyasogeza kweli, hatua sita, usiku wa mazishi."

Subilaga akaangalia matope ya uani. Kulikuwa na alama za magoti, mpya juu ya za zamani.

"Sikiliza," Gwakisa akasema, sauti imeshuka. "Huyo mama mimi namheshimu. Lakini pima mwenyewe. Upande huu siku moja kwa mwaka na mkungu wa ndizi. Upande huu ndugu wawili wa tumbo moja ambao wamebakiza miaka mingapi? Ukiiacha kama ilivyo hakuna anayeumia sana. Ukiirudisha, Jumamosi kaka anaamka na mawe ya mpaka tu. Sasa hapo pagumu ni wapi?"

Palikuwa pagumu, na Subilaga hakujifanya kwamba si pagumu. Alikuwa na mama yake mwenyewe aliyekufa bila kuongea na dada yake. Angetoa mkono mmoja kati ya hiyo miwili wanayoisifu ili wale wawili wapate asubuhi nne kama hizi.

"Diski si yangu, baba," akasema mwishowe. "Wala si yako. Kesho nitamwambia mwenyewe, kabla sijawasha. Nimekuja ili usilisikie kwa mara ya kwanza mbele yake."

Gwakisa akainama, akaokota randa, akaiweka tena chini.

"Ndaga kwa kunijia," akasema, na ilionekana kwamba anamaanisha, ingawa uso ulikuwa umemshuka.

*

Ijumaa jua lilitoka. Ndugu wawili waliingia wameshikana mkono, mrefu na mfupi, mrefu akieleza kila aliyekaa kwenye benchi kwamba huyu ndiye aliyemtoa kwenye udongo. Mama Anyosisye alikuwa amekwisha kufika. Alikaa kwenye kona karibu na kabati, na Ambakisye akampa salamu ya heshima, akapita.

"Ni zangu," mzee akasema, viganja wazi.

Subilaga hakuchukua diski. Hakuchukua kofia ya waya. Alivuta kigoda akakaa chini yake, kama mtoto anavyokaa mbele ya mkubwa.

"Baba, Jumatatu nilikosea. Nilibadilisha diski zako haraka mno, mashine ikadhani ni moja. Jina lililokuwa kwenye hii likaandikwa kwenye hii nyingine. Aliyekufukua siye unayemkumbuka."

Mzee Ambakisye alikunja paji. Alikuwa fundi mitambo maisha yake yote. Ugonjwa ulikuwa umemwachia hilo. "Haina swichi ya mlango?"

"Haina."

"Inahesabu muda?"

"Sekunde mbili."

"Na wewe ukaishinda." Ukamjia mshangao kidogo wa kifundi, kisha ukaondoka, na akawa mzee tu mwenye masikio makubwa. Akamgeukia mdogo wake. "Gwakisa. Si wewe uliyenitoa?"

Subilaga aliona vizuri kabisa kwamba mlango wa uongo ulikuwa wazi. Neno lake dhidi ya neno la ndugu, na mgonjwa ambaye kesho hatakumbuka kuwa aliuliza. Gwakisa angesema "ni mimi" na fundi asingekuwa na la kufanya, kwa sababu mwenye diski angesema asiguse kitu. Alimwona Gwakisa anaufumbata mkono wa kaka yake kwa mikono yote miwili.

"Sikuwapo, kaka," Gwakisa akasema. "Nilikuwa Mbeya."

Ambakisye akautoa mkono wake. Aliutoa polepole, akauweka kwenye goti lake mwenyewe.

"Nani basi?"

"Mimi," akasema mama Anyosisye kutoka kwenye kona.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kwa bidii ya kutia huruma. "Nisamehe, mama. Sikufahamu."

"Najua. Hata siku ile hukunifahamu."

Hapo ndipo Subilaga alipolia, na hakujificha. Mzee Ambakisye akakabidhi diski bila kuambiwa. "Irudishe," akasema. "Kama kuna mtu alinipa miaka hii yote, simjui hata jina, hiyo ni aibu. Irudishe."

Akaifanya kazi kwa mikono ambayo siku hiyo ilikuwa mizito kama ya mtu anayebeba yai. Kwanza akamlazimisha Bibi asome faharasa ya akiba, akaiona kwenye kioo, herufi za kijani: *Anyosisye, mteremko wa juu, asubuhi.* Akaiandika mahali pake. Akatoa diski, akamsalimia mzee kuanzia mugonile hadi mvua, akamuuliza na hali ya migomba ambayo hata haikuwa kwenye desturi, ndipo akairudisha na kuisoma.

Ilichukua dakika kumi na moja. Ambakisye alipofumbua macho hakumtazama fundi. Aliinuka na kofia ya waya ikiwa bado kichwani, ikabidi Subilaga aikimbilie, akaenda mpaka kwenye kona na kuuchukua ule mkono wa vidole vitatu.

"Jembe lilivunjika," akasema.

"Lilivunjika."

"Nilikusikia unalitukana."

"Nilikuwa nimelinunua wiki ileile," mama Anyosisye akasema, na wote wawili wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, wazee wawili wameshikana mikono pembeni ya kabati la makaratasi. "Ndaga," akasema Ambakisye. "Ndaga, ndaga, ndaga." Alisema hivyo mpaka yule mama akamwambia inatosha sasa, nyingine abakize za mwakani.

Gwakisa alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Alimpa Subilaga mkono. "Asubuhi nne," akasema kwa sauti ya chini. "Sikustahili hata moja. Nakushukuru, fundi."

"Huyo anakwenda wapi?" mzee akauliza.

Ambakisye alikuwa bado anayo siku ya leo. Angekuwa nayo mpaka atakapolala.

"Nakwenda nyumbani, kaka."

"Umenisogezea mawe ya mpaka. Hilo nalikumbuka, liko kwenye diski." Akapapasa vifungo vya koti kimoja kimoja. "Na leo nimekuuliza swali, na ulikuwa na nafasi ya kunidanganya. Mimi ni fundi, najua mtambo unapoweza kudanganywa. Ulikuwa unapata shukrani ya bure, ukaikataa mbele ya watu. Hilo haliko kwenye diski yoyote." Akamgeukia Subilaga. "Unayo tupu?"

Ilikuwepo moja, ya akiba, imewekwa kwenye droo kwa ajili ya mgonjwa mpya. Subilaga akaitoa.

Waliiandika siku ile mchana kutwa, kuanzia mlangoni walipoingia wameshikana mkono. Mzee mwenyewe alichukua kalamu, akaandika kwenye bahasha kwa mwandiko unaotetemeka: GWAKISA AMESEMA SIKUWAPO. Ilijaa bahasha yote. Kisha akatoa maagizo kama alivyokuwa akiwaagiza vijana wa kiwandani.

"Usiache kunisomea Kiwanja. Lilitokea, libaki. Lakini kila ukinisomea hiyo, hii ndiyo ifuate, usiniache niondoke hapa katikati."

"Sawa, baba. Ila diski mpya haisomwi siku ileile. Njia zikisomwa kabla kichwa hakijazituliza, zinavurugika. Mpaka Jumatatu."

"Kwa hiyo kesho?"

Subilaga hakutaka kusema. Ilibidi aseme. "Kesho na keshokutwa utaamka na Kiwanja tu."

Ambakisye akamtazama mdogo wake, na jicho lake lilikuwa na ukali wa zamani na upole wa leo, vyote viwili pamoja. "Umesikia. Nitakufukuza."

"Nimesikia."

"Nitakutukana, na mimi natukana vibaya."

"Nakujua, kaka."

*

Jumapili baada ya ibada Subilaga alipita njia ya nyumbani kwa mzee Ambakisye, ingawa haikuwa njia yake. Mvua ilikuwa imerudi, ile ya Tukuyu inayonyesha bila hasira na bila kuchoka. Gwakisa alikuwa amekaa chini ya upenu, magunia mawili mabegani, magoti yamelowa. Kando yake palikuwa na sahani ya ndizi za kuchoma na maganda. Ndizi zilikuwa za moto bado, na mwenye kitenge cha kijani aliyezileta alikuwa ndiyo kwanza anaukata mteremko kurudi kwake.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mzee, kali, ikiuliza nani huyo anayekohoa barazani kwa watu.

"Ni mimi, kaka. Gwakisa."

Yaliyofuata kutoka ndani hayaandikiki. Yalihusu mawe, na marehemu baba yao, na jinsi watu wengine walivyozaliwa. Gwakisa aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa barua aliyoingoja, na yalipokwisha akamwona fundi amesimama njiani na mwavuli.

Akamwinulia kofia.

"Kesho Jumatatu," akasema.